Asante wewe uliyetuamua kwenye sataranji

Jina lako silijui, ila asante sana. Mimi na mwenzangu tulishaanza kutupiana maneno makali mtandaoni: mimi nikidai sare ya kurudia, yaani mchezo uishe bila mshindi kwa kuwa hali ileile ya ubao imejirudia mara 3, yeye akikataa kwa kuwa hali ile haikujirudia mfululizo. Ulitueleza kwa subira kwamba si lazima ifuatane. Inatosha kete zikae vilevile mara 3, zamu ikiwa ya mchezaji yuleyule na haki za kusogeza zisibadilike. Kisha ukanionyesha nami kosa langu: mara ya kwanza mfalme wangu alikuwa bado na haki ya kuhama pamoja na kete ya ngome kwa zamu moja, hivyo nilikuwa na mara 2 tu. Hukumpendelea yeyote. Tukaendelea, nikashindwa, na leo jioni tunacheza tena.