YAH: AC mliyonifungia imeanguka, mnasema kosa ni la ukuta wangu

Kwa meneja,

Habari za kazi. Naandika kwenye simu kwahiyo mnisamehe kama barua imekaa ovyo ovyo. Nimeshapiga huduma kwa wateja mara 6, kila anayepokea ananiambia "tunalifanyia kazi mama" halafu kimya, juzi ndo mmenijibu WhatsApp mistari miwili, eti warranti haihusiki kwasababu "ukuta wa mteja una tofali dhaifu". Hapo ndo mmenichefua kabisa. Ukuta haukuja baada ya AC, ulikuwepo palepale, fundi wenu kaugusa, kaupima kwa futi, kautoboa mwenyewe.

Niwakumbushe. Mwezi wa pili nilinunua kwenu AC ya BTU 12,000, nikalipa keshi, mkasema ufungaji ni bure. Wakaja vijana wawili hapa Kigamboni. Sasa mimi nina duka dogo la vifaa vya ujenzi, mwaka wa 9 huu, bolti na misumari ndo ugali wangu, nikaona wametoa kwenye begi anka bolti nne zile zenye ganda linalotanuka ukikaza nati, nikamuuliza yule mkubwa, mwanangu hizo si za zege? Akacheka, "mama fisha ni fisha tu". Yaani kwake kila kinachoingia ukutani ni fisha! Fisha ni jina la mtu, Mjerumani Artur Fischer ndo aliitoa ile plagi ya nailoni mwaka 1958, na ni ya kushika skrubu. Kwenye mashine ya ndani wameweka fisha za plastiki namba 8 na skrubu zake, zimekaa vizuri, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni wa mashine ya nje, ndo waliifunga kwa hizo anka bolti.

Anka bolti inashikaje? Ukikaza nati, kile kichwa cha koni kinavutwa kinaingia ndani ya ganda, ganda linapanuka linakandamiza kuta za tundu. Kwenye zege iliyoiva lile tundu halisogei, ndo maana bolti inang'ang'ania. Ila kwenye tofali za mchanga na simenti, na nyie mnajua tofali za kununua mtaani mfuko mmoja wa simenti unavyovutwa, ganda likitanuka tofali linasagika tu, bolti inabaki imekaa kwenye unga. Na fundi alikuwa na dalili zote mbele ya macho yake, drili ilizama kama kisu kwenye mkate, vumbi likatoka la mchanga, hata kokoto moja haikugonga. Mtu anayetoboa kila siku hapo anasimama anajiuliza. Yeye akaendelea kupiga stori za Simba na Yanga.

Ila cha njiti za kiberiti ndo kiliniuma. Bolti ilikuwa ya ganda la mm 12, inataka biti ya 12, yeye biti yake ya 12 imekwisha makali akatoboa na ya 14, na drili anaiyumbisha mkononi, tundu likawa na mdomo kama wa chungu. Akakaza nati na spana, bolti nzima ikawa inazunguka nayo. Mtu mwingine angetoboa sehemu nyingine, huyu kaomba kiberiti kwa binti yangu, nikadhani anavuta sigara, kumbe anavunja njiti anasokomeza kwenye tundu pembeni ya bolti, akapakaa simenti nyeupe kidogo juu, "hapo mama haitoki hata kwa winchi". Nilisema, wakaniambia nisiwe na wasiwasi wana uzoefu, na duka lilikuwa na wateja wananipigia, nikaondoka. Hilo ni kosa langu nalikubali.

Na matundu hawakuyapuliza. Vumbi lote limebaki ndani, bolti imeingia juu ya vumbi.

Imeanguka Jumanne ya wiki iliyopita saa 9 usiku, upepo wa kusi unavuma, nikasikia kishindo nikadhani wezi. Mashine ya nje imedondoka toka futi 9 hivi ikatua juu ya kalo, mabomba ya shaba yamekatika gesi yote imetoka, feni imevunjika, na beseni langu limepasuka ila hilo sidai. Mchana binti yangu hukaa hapohapo anafua.

Asubuhi nikaziokota bolti. Za chini mbili zilibaki ukutani zimepinda nikazing'oa, za juu mbili ndo zimechomoka nzima nzima na ganda lake na njiti zake. Na za juu ndo zinazobeba mvuto, mashine ikiinama mbele breketi, kile chuma kinachoibeba, inasukuma ukuta kwa chini na kuvuta kwa juu, na hizo za juu ndo mlizozijaza njiti. Nikapima. Bolti ina mm 60. Breketi, washa na nati vimekula kama 12, plasta yangu ni nene ina 25, na plasta haihesabiki ni vazi tu la ukuta, kwahiyo ndani ya tofali zimeingia mm 23. Hata nusu ya kidole changu haifiki! Mashine ya kilo 30 na ushee, inatetemeka usiku kucha, inashikwa na hicho.

Na zina kutu nyekundu, miezi mitano tu. Ni zile za zinki nyembamba ya kung'aa, dukani kwangu ninazo, ila mtu wa karibu na bahari namwambia achukue zilizochovywa kwenye zinki ya moto au stenlesi zilizogongwa A4, ni ghali kweli ila chumvi ya huku haina huruma.

Sasa msiniambie ukuta hauwezi kubeba AC. Jirani yangu ana tofali hizohizo na yake ina miaka, fundi wake alipitisha studi ndefu, zile fimbo za chuma zenye nyuzi za nati, toka nje mpaka ndani ya ukuta akaweka bamba la chuma upande wa pili na nati mbili, ukuta unabanwa kama mkate na siagi katikati. Au mngepandisha breketi sentimita 40 tu mngeikuta linta, ule mkanda wa juu ya madirisha, zege tupu, hapo anka bolti zenu zingefanya kazi yake, ila linta ina nondo na biti yenu butu ingelia, ndo maana mkaikwepa.

Ninachotaka ni mashine ya nje nyingine, siyo hii kupigwa msasa na rangi, mabomba mapya na gesi, na ifungwe kwa studi za kupita ukuta au kwenye linta, kwa bolti zisizoshika kutu, gharama zenu. Na aje fundi mwingine, yule kijana simchukii ila na drili asije kwangu. Nawapa siku 14, baada ya hapo napeleka kwa FCC wanaoshughulika na haki za mlaji, picha ninazo zote na ile meseji yenu ya tofali dhaifu nimeitunza.

Mashine ipo palepale kalo nimeifunika turubai. Bolti 4 nimeziweka kwenye kopo la maziwa dukani, mtu wenu akija namkabidhi, njiti bado zimo.

Mteja wenu,
Mama wa duka la vifaa, Kigamboni