Turudishe majani ya mgomba jikoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wapishi wenzangu, wa majumbani na wa mahotelini, waache kufunika matoke kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Desturi hii imeenea mijini kwa kuwa mfuko huo hupatikana kila duka, ilhali majani ya mgomba hutafutwa sokoni, hufutwa vumbi, hutolewa uti na hulainishwa motoni ili yasipasuke.

Kazi hiyo huchukua muda, nami nauona ni muda uliotumika vyema. Matoke yaliyofungwa kwa majani, yakawekwa juu ya vikonyo vilivyotandikwa ndani ya sufuria, yakaiva taratibu kwa mvuke, kisha yakakandwa yakiwa bado ndani ya majani na kurudishwa kwenye moto mdogo, hupata ulaini na harufu isiyopatikana kwa njia nyingine. Plastiki ikipata joto huweza kuachia kemikali zake katika chakula, na chakula hicho ndicho tunachowapa watoto wetu!

Tena majani yaliyotumika huoza yakawa mbolea, lakini kaveera huziba mitaro ya Kampala. Sheria ya Fedha ya mwaka 2009 ilipiga marufuku mifuko hii, na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 ikakataza plastiki yenye unene chini ya maikroni 30, lakini bado inauzwa waziwazi. Nawaomba wenye mahoteli watangulie, wanunue majani kwa akina mama wanaoyauza masokoni.

Msomaji wako,
Kampala