Shangazi, kabla hujaja Desemba

Shikamoo Shangazi.

Najua simu yako ni ya kupiga na kupigiwa tu, kwa hiyo atakayekusomea haya ni yule mjukuu wako wa kidato cha pili. Namwomba asiruke mistari. Akifika pagumu anywe maji, kisha aendelee.

Nimeambiwa unakuja kwenye sendofu, na kwamba gesti umeikataa, utafikia Uyole "kwa kaka yangu", kama unavyoendelea kupaita. Karibu sana. Pale ni kwako kabla hapajawa kwangu. Lakini ipo habari moja nisingependa uikute mlangoni ukiwa na mzigo kichwani: bundi amerudi.

Usimnyang'anye mtoto simu. Sikiliza kwanza.

Yuko palepale, darini juu ya chumba cha nyuma. Alirudi mwezi wa nane, ule wakati upepo unavuma mpaka mabati yanalia, akaingilia lile tundu la ubao uliooza chini ya bati, ambalo kila mwaka nasema nitaliziba. Ni wa aina ileile, uso mweupe kama umechorwa moyo. Jioni ikiingia anatoka bila sauti yoyote. Mabawa yake yana nywelenywele laini ukingoni, ndiyo maana panya hamsikii mpaka ameshabebwa. Haya nilifundishwa na kaka yako.

Nianze na mema, maana ni mengi, na watu wanaosoma hapa wasije wakadhani sina shukrani. Mama alipofariki nilikaa kwako Katumba miaka mitatu. Ulinifundisha kuchuma chai, majani mawili na chipukizi, ukanifunga khanga kifuani kwa ajili ya ile mvua ya Rungwe isiyojua kupumzika. Ulinichapa mara moja tu, na ilikuwa kwa sababu ya ndege. Unakumbuka? Nilichokonoa kiota cha mbayuwayu pale barazani kwa ufagio. Fimbo mbili, halafu ukalia wewe kuliko mimi, ukasema nyumba iliyochaguliwa na mbayuwayu haifukuzi mgeni. Kesho yake ukakoroga udongo na maji kwenye kopo ukauweka uani, wapate tope la kujengea upya. Mwezi wa tatu, Katumba, mvua inamwagika, na wewe unawakorogea ndege tope!

Kwa hiyo usije ukaniambia kwamba hukuelewa.

Baba alipostaafu reli aliupokea ule ua wa nyuma kama mtu aliyekabidhiwa stesheni yake mwenyewe. Alianza kazi 1976, mwaka Wachina walipoikabidhi TAZARA, na maisha yake yote yalikuwa kuandika: treni gani, imefika saa ngapi, imeondoka saa ngapi, imechelewa kwa sababu gani. Kustaafu hakukumponya. Alinunua kaunta buku, akaipiga mistari kwa rula, akatoa kiti chini ya mpera, akajaza maji lile karai bovu lililobaki kwa mafundi, akaanza kuandikisha abiria. "Tetere wawili. Kufika 1.05 asubuhi. Kuondoka 1.20. Sababu: kuoga." "Pasa kumi na mmoja, kwenye mpichi. Hawana adabu." "Chozi dume, ua la mgomba. Hakai." Minana wa kwenye mkaratusi wa jirani aliwaandika kwa wino mwekundu, kama treni za mizigo, kwa sababu hawaishi kwenda na kurudi na majani.

Lakini waliomfanya aache chai ipoe ni nguchiro. Uliwachukia kwa ajili ya mayai yako, na kwa hilo sikulaumu. Walipanda kutoka korongoni mwezi wa pili wakiwa na watoto. Nguchiro hawa akipata yai hahangaiki nalo kwa meno. Analishika kwa miguu ya mbele, analipa jiwe mgongo, analitupa kinyumenyume katikati ya miguu ya nyuma likapasuke. Sasa wale watoto hawakuwa na mayai, wakachukua kokwa za maparachichi. Asubuhi nzima ukuta wa stoo unalia to! to! to! Kokwa haipasuki, ndani hamna cha kula, na mimi naamini wanajua hamna cha kula. Mmoja anatupa, wa pili anaikimbilia, wa tatu anamng'ata wa kwanza mkia, wote wanabingirika hadi kwenye migomba, wanasimama kwa miguu miwili kutazama kama kuna aliyewaona, wanaanza upya. Baba aliandika: "Nguchiro tisa, wadogo wanne. Ukuta umepigwa mara 17. Sababu: mchezo."

Neno hilo limejaa lile daftari. Kunguru wakubwa wa mlimani, wale wenye baka jeupe shingoni, wakishuka na upepo, mmoja anaachia kijiti angani anakifuata na kukidaka kabla hakijafika chini: mchezo. Ulimwuliza mbele yangu, "Kaka, mtu mzima unaandika michezo ya wanyama?" Akakujibu kwamba hawa ndio abiria pekee waliowahi kuchelewa bila yeye kuulizwa na mkubwa.

Na wewe ndiye wa kuuliza hivyo! Wewe uliyekulia chini ya Mlima Rungwe, ukatusimulia habari za kima aitwaye kipunji tukidhani ni hadithi za kutulaza. Wataalamu walipotangaza mwaka 2005 kwamba wamempata kima mpya, na mwaka uliofuata wakampa jenasi yake peke yake, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa kima wa Afrika tangu 1923, ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Mpya kwa nani?" Baba alikuja kuyaandika maneno hayo kwenye jalada la ndani la daftari, na jina lako chini yake. Bado yapo.

Bundi walipokuja hakuniambia kwa wiki nzima, maana aliwajua watu. Siku aliyoniambia alianza kwa kunionyesha vile vidonge vya manyoya chini ya tundu. Bundi anammeza panya mzima, halafu anatema manyoya na mifupa ikiwa imeshikana kama kidonge. Baba alivipasua kwa kijiti, akayapanga mafuvu ya panya kwenye gazeti kama mtu anayepanga karata. Akahesabu, akaniangalia, akasema, "Hawa wote walikuwa wanaelekea kwenye mahindi."

Alipofikia hali ya kutotoka kitandani, ni yeye aliyeomba chumba cha nyuma. Ulidhani ni kwa ajili ya choo kuwa karibu. Hapana. Makinda wa bundi hawa hawalii kama tunavyoigiza tukiwatisha watoto, wanakoroma. Usiku kucha wakidai chakula wanakoroma kama mzee aliyelala chali. Walikuwa wanne, na kwa kuwa mayai huanguliwa kwa siku tofauti, mkubwa alikuwa karibu kuruka na wa mwisho alikuwa bado manyoya matupu. Walicheza pia. Tuliwasikia darini wakirukia vijiti na mabaki ya panya, wakikosea, pu!, kisha kimya, kisha pu! tena. Maumivu yalimnyima baba usingizi, na katika nyumba ile nzima wao ndio waliokesha naye bila kumwuliza anajisikiaje.

Ulifika Jumatatu. Usiku wa Jumanne ukasikia mtu anakoroma juu ya kaka yako.

Ulinigongea saa nane. Ulikuwa umevaa sweta juu ya khanga, salfeti mkononi. Kijana wa bodaboda wa nyumba ya tatu alikuwa ameshaamshwa, ngazi imeshaegemezwa. Hukuniuliza kitu. Ulinipa tochi. "Shika, mmulikie." Nikashika.

Kijana alipotoa ule ubao, yule mkubwa aliinama, akatandaza mabawa, akaanza kuyumbisha kichwa kulia na kushoto huku anafoka. Hufanya hivyo wakitishika. Kijana akacheka: "Mama, anacheza huyu!" Hilo neno, Shangazi. Kisha akaomba mpini wa jembe. Sitaeleza, mtoto anasoma. Mkono wangu ulitetemeka mara moja, mwanga ukaenda pembeni, ukanikemea, nikaurudisha. Mafuta ya taa ulikuwa nayo tayari kwenye chupa ya maji. Mkawachoma nyuma ya choo, na wewe ukaimba tenzi kwa sauti ya chini, ile ya mazishini.

Nilipoingia ndani baba alikuwa macho.

"Mbona kimya?"

"Wameruka, baba."

"Wote wanne?"

Aliyajua makinda yake. Alijua yule wa mwisho hana hata bawa la kueleweka. Nikasema wote wanne. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Andika." Nikachukua daftari. "Bundi wanne," akasema. "Kuondoka?" Nikamjibu saa nane na nusu, na hiyo ilikuwa kweli. "Sababu?"

Sikuandika kitu hapo. Nikamwambia kalamu imeisha wino. Alfajiri ya Alhamisi akafariki.

Ungenyamaza, nami ningenyamaza, na leo nisingekuwa naandika haya mbele ya watu. Lakini kwenye matanga, wanawake wamejaa kwenye mikeka, mama mchungaji amekaa pale na kikombe cha chai, ukasema tulichelewa. Ukasema ndege yule angetolewa mapema kaka yako angekuwa hai, na kwamba mimi nilijua yupo nikaficha. "Alikuwa anamfuga." Unajua kwetu neno hilo likisemwa msibani linabaki limekaa hata watu wakiondoka. Wapo walioacha kununua maandazi yangu. Mmoja alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Sasa akiniona njiani anakumbuka kitu alichosahau nyumbani.

Figo za kaka yako zilikuwa zimechoka tangu mwaka uliotangulia. Daktari alitueleza, ulikuwepo, uliitikia kwa kichwa. Bundi hakuzichosha. Bundi alifuata panya, panya walifuata mahindi, na mahindi yale yaliletwa na wewe, magunia sita, uliyoomba tukutunzie mpaka bei ipande. Mwezi uliofuata msiba panya walitoboa magunia mawili. Hapo sikukusikia ukiuliza ni mkono wa nani.

Samahani. Hilo la magunia nilikuwa nimejiapiza nisiliandike.

Ngoja nikupe ushauri, kama mtoto anaruhusiwa. Sauti ya usiku ipandie ngazi uione kabla hujaipa jina. Usimwamshe mtoto wa watu aue kitu kisha ukampa elfu tano. Yule kijana aliniambia baadaye aliota vile vichwa wiki nzima. Na usimpe mtu tochi kabla hujamwuliza. Mtu aliyeamshwa usingizini, baba yake anakufa ukuta wa pili, akapewa tochi na shangazi yake mwenyewe, unategemea aseme nini? Ningekataa ungeueleza nini ukoo? Nilikuwa na miaka thelathini na moja, ndiyo, sikuwa mtoto. Lakini mbele yako sijawahi kutoka Katumba, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkubwa akisema hajibiwi. Sikushika mpini. Sikumwaga mafuta. Nilimulika tu.

Najua kijana asingeona bila mwanga. Hakuna haja mtu aje kuniandikia hapo chini.

Na uongo ule nao, nani angesema ukweli? Wewe ungemwambia? Ulikuwa bado uko nyuma ya choo unanuka mafuta ya taa. Aliyekuwa mbele ya macho yake ni mimi. Jumatano mchana kutwa nilikaa naye nikisubiri aniulize tena ile sababu, na hakuuliza. Alinyoosha mkono mara moja tu, akauelekeza juu, kwenye dari, akaushusha. Nikampa maji.

Tangu hapo naliendeleza daftari. Mwandiko wangu mbaya na saa nakosea, lakini nguchiro wapo, mwaka huu ni saba. Mpera wa zamani uliangushwa na upepo, nimepanda mwingine, bado hauna kivuli, hivyo naweka kiti ubavuni mwa stoo na kokwa zinanipita miguuni. Jana walikuja wawili tu, mkubwa na mdogo, mdogo akamrukia mkubwa mgongoni mara nne, na mara zote nne mkubwa akajifanya ameshtuka. Ungekuwepo ungecheka. Wewe unacheka vizuri, Shangazi. Nyumba ile haijasikia kicheko cha namna hiyo tangu ile siku ya "mpya kwa nani".

Wiki hii nimeanza kusikia mkoromo darini. Bado mwembamba. Ukifika Desemba utakuwa umenenepa, ndiyo maana nakwambia mapema. Nimekuandalia chumba cha mbele, upande wa barabara kuu, malori ya Tunduma yanapita usiku kucha na hutasikia kitu kingine. Mimi nitalala kile cha nyuma. Mablanketi nimekuwekea mawili, yale mazito, maana wewe hata Desemba unaona baridi. Mjukuu wako aje na daftari lake la shule, kuna kitu cha kumwonyesha jioni kabla giza halijashika, kama utamruhusu.

Ukitaka kutoka nje usiku, niite. Tochi nitakaa nayo mimi.