Risala ya Kamati ya Ukumbusho wa Askari Wetu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Chifu na wazee wa mitaa, viongozi wa makanisa, mama mzazi wa marehemu, wazazi, walimu na wanafunzi, hamjambo.

Kwa niaba ya kamati tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuupokea mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika wewe mwenyewe, kwa maana tumekwisha kuzoea kusomewa salamu za udhuru.

Eneo hili la magharibi mwa Kenya limetoa watu wa vita tangu zamani. Kati ya mwaka 1914 na 1918 babu zetu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza lililopigana na Wajerumani huko Tanganyika, na wengi wao waliuawa na maradhi kuliko risasi. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi ulipata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Mwaka 1944 wana wao walikuwa Burma, katika bonde la Kabaw, wakiwa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, dhidi ya Wajapani. Mengine tunayaacha, kwa kuwa jua linapanda na jambo letu liko mbele.

Tangu ilipoundwa, kamati hii imepata mafanikio makubwa. Tumenunua kikombe ambacho hutolewa kila mwaka kwa mwanafunzi bora wa hisabati, tumepanda michongoma kuzunguka kaburi, na tumekipaka rangi chumba kimoja cha darasa ambacho sasa kinaitwa Jumba la Mashujaa. Timu yetu ya voliboli ya wasichana ilifika nusu fainali za wadi, na ingefika mbali zaidi kama wachezaji wawili wasingezuiwa na mto asubuhi ya mchezo.

Mto huo, Mheshimiwa, ndio uliotukusanya hapa.

Kijana tunayemkumbuka alizaliwa ng'ambo yake, akiwa mtoto wa tatu wa mama mjane aliyeketi hapo mbele. Alisoma katika shule hii kwa karo iliyotokana na mchanga aliouchota mtoni na kuwauzia wenye malori, na walimu waliomfundisha wanakumbuka kwamba wakati wa masika alikuwa akichelewa kila siku, si kwa uvivu, bali kwa sababu aliwavusha kwanza watoto wadogo mgongoni, mmoja baada ya mwingine, ndipo akafunga vitabu vyake kichwani na kuvuka mwenyewe. Alipomaliza Kidato cha Nne alikwenda kwenye usajili wa jeshi, akakimbia pamoja na mamia ya vijana, akakaguliwa meno na nyayo, akachukuliwa. Alifunzwa Eldoret. Mshahara wake wa kwanza ulinunua mabati, na mabati hayo yalivushwa mtoni vichwani mwa vijana wa kijiji, karatasi mbili mbili.

Wanajeshi wetu walikuwa wameingia Somalia tangu Oktoba 2011, na mwaka uliofuata wakawekwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Kijana wetu alipelekwa katika kambi ya El Adde, jimbo la Gedo. Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 15 Januari 2016, wapiganaji wa Al-Shabaab waliivamia kambi hiyo wakitanguliza gari lililojaa baruti. Ni wangapi walioanguka siku ile, wakubwa wa nchi hawajatutajia hesabu kamili. Sisi tunamjua mmoja. Tarehe 27 mwezi huohuo mama alikuwa Eldoret, ndani ya Moi Barracks, katika ibada iliyohudhuriwa na marais watatu, wa Kenya, Nigeria na Somalia, lakini mama alikuwa bado hajauona mwili wa mwanawe. Alitolewa mate kwa kijiti cha pamba ili yalinganishwe na maiti, kisha akarudi nyumbani kungoja.

Siku ya mazishi lori la jeshi lilifika hadi ukingoni, upande huu, likasimama. Askari wanane walilitua jeneza, wakalipandisha mabegani na kuingia majini na buti zao nyeusi. Katikati mmoja wao aliteleza. Jeneza halikuanguka, ila pembe ya bendera ya taifa iliingia majini, na ilipokunjwa na kukabidhiwa mama ilikuwa bado inachuruzika. Hakuna mtu aliyekuwapo ambaye amelisahau hilo.

Mgeni rasmi wa siku ile alilisahau. Alisimama kando ya kaburi, akaapa kwamba kabla ya mwaka kwisha pangekuwa na daraja, nasi tukapiga makofi matangani, jambo ambalo wazee walitukemea. Wa pili aliwaleta watu wa kupima, wakapiga vigingi vyekundu kingo zote mbili. Vigingi hivyo baadaye viligeuka kuni, nasi hatukumlaumu aliyeviokota. Wa tatu alituzawadia bamba la jiwe ambalo jina lake ni kubwa kuliko la marehemu. Tulipofuatilia ofisini tuliambiwa faili imehamishwa, kisha kwamba haionekani, na safari ya mwisho tuliombwa tuandike barua upya. Tumeiandika mara nne. Tunayasema haya kwa heshima zote, Mheshimiwa, wala hatusemi kwamba wewe ni kama hao.

Ombi letu ni hilo moja: daraja la zege, lenye upana wa kupitisha gari la wagonjwa. Sasa watoto huvukia magogo mawili yaliyofungwa kwa waya, na mvua kubwa ikinyesha, wale wa ng'ambo hukaa nyumbani hata wiki nzima. Mchanga tumekwisha kuuchota na umerundikwa nyuma ya jiko la shule, mawe yapo, vijana watafanya kazi bila malipo, na mama ametoa kipande cha shamba lake ili njia ya kupandia daraja ipatikane. Kilichobaki ni simenti, vyuma na fundi wa serikali. Tunaomba kazi hii iingizwe katika bajeti ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai, na kwamba kabla hujaondoka leo utuachie kwa maandishi tarehe ya kuanza na jina la afisa atakayeisimamia. Daftari na kalamu viko mezani pako.

Chakula chako, Mheshimiwa, kimeandaliwa nyumbani kwa mama, karibu na kaburi. Gari litabaki hapa. Buti za mpira ziko mlangoni, za saizi tatu, na vijana wawili watakushika mkono kwenye magogo.

Ni sisi watiifu wako,
Kamati ya Ukumbusho.