Shoga, njoo tunyooshe migongo

Mama Nasri shoga yangu,

Vipi Tabora, watoto wazima? Huku Kigoma tupo salama, ila dagaa wameadimika, mbalamwezi inawaka usiku kucha na wavuvi hawaingii ziwani na taa zao.

Ile meseji yako ya mgongo iliniuma kweli, maana kazi yetu si ni ile ile, cherehani kutwa nzima shingo imeinama, jioni kiuno kinawaka moto. Sasa nkwambie, mi sa hivi nafanya yoga! Kuna studio ndogo ya mazoezi huku Mwanga, ghorofani, Jumamosi asubuhi wana darasa la wanaoanza, wanawake tupu.

Nilichokipenda ni kwamba mwalimu hamlazimishi mtu. Kuna mkao wanauita mbwa anayeangalia chini, unaweka viganja chini na nyayo chini, unapandisha makalio juu mwili unakuwa kama paa la nyumba, na kila mgeni anadhani lazima miguu inyooke na visigino viguse sakafu, kumbe mwalimu anasema kunja magoti tu mama, mgongo ndo unyooke. Nikakunja, weee, nikasikia uti wa mgongo unavutika kuanzia kiunoni mpaka mabegani, pale pale panaponiuma nikishona sare za shule. Asiyeweza kukaa chini anapewa kiti, asiyefika vidole vya miguu anazungushia mkanda kwenye nyayo anavuta taratibu. Yupo bibi mmoja anafanya mikao yake ameshikilia ukuta, na hakuna anayemzidi utulivu.

Alafu pumzi, hapo ndo penyewe. Unavuta kwa pua, unatoa pole pole, kutoa kunakuwa kurefu kuliko kuvuta, na mapigo ya moyo yanapungua kasi, mwenyewe unayasikia. Mi nafanya hata dukani nikiwa nimezidiwa na kazi. Mwisho wa darasa tunalala chali kimya, mikono pembeni, hakuna simu, hakuna mtu anaita mama. Yaani sisi wanawake ni lini tunapata hizo dakika?

Najua utaniuliza habari ya dini. Nami niliuliza kabla sijalipa. Asili yake ni India, ya zamani sana, na kule wapo wanaoifanya kama ibada, hilo ni kweli. Ila darasa letu ni viungo na pumzi bas, hatuimbi wala kuombea chochote, na Umoja wa Mataifa waliitengea siku yake, 21 Juni, tangu 2014, watu wa dini zote wanafanya. Mi moyo wangu umetulia, we utaamua mwenyewe.

Ila we una presha, so muulize kwanza daktari wako na mwalimu umwambie mapema, mikao ya kuinamisha kichwa chini atakubadilishia. Na popote mwili ukikuchoma unaacha hapo hapo, kuvutika ni sawa, kuchoma hapana.

Panda treni uje likizo hii ya watoto. Mkeka ninao wa ziada, we njoo na suruali laini ya kuvaa ndani ya dera, na asubuhi hiyo tunakunywa chai tu, ugali na migebuka tutakula tukirudi. Nijibu kabla ya Ijumaa nikuandikishe, nafasi zinajaa haraka.

Wako,
Mama Zuhura