Mdogo wangu, usimpeleke binti wa kazi stendi kesho

Mdogo wangu,

Sijalala vizuri tangu unipigie jana usiku. Habari ya kuachishwa kazi nimeipokea, imeniuma, lakini kilichoninyima usingizi ni maneno uliyosema mwishoni kabla hujakata simu: kwamba kesho alfajiri unampeleka binti wa kazi stendi ya Nanenane apande basi arudi kwao Kondoa, na mtoto mkubwa unamtoa kwenye kituo cha kulelea watoto leo leo. Nakuandikia kabla hakujakucha. Naiacha barua hii wazi, bila jina lako wala la waliokuachisha kazi, kwa sababu najua hapo hapo Dodoma kuna kina mama wengine wanaopiga hesabu hiyo hiyo usiku huu.

Usimpeleke.

Mwaka nilioachishwa mimi, wewe ulikuwa bado sekondari. Nilikuwa Dar, na mwanangu alikuwa na mwaka na miezi minane, umri wa huyu wako mdogo. Nilipiga hesabu ndani ya daladala, na nilipofika nyumbani nikamwambia msichana wangu wa kazi afungashe. Alikuwa amekaa kwangu miaka miwili. Nikampa nauli na elfu ishirini juu, alfajiri nikamsindikiza Ubungo. Mtoto alipoamka alikwenda moja kwa moja jikoni kumtafuta. Alifanya hivyo kila asubuhi kwa muda mrefu. Wiki ya tatu nikaitwa kwenye usaili, na jirani aliyekubali kunishikia mtoto akapata msiba asubuhi ile. Sikwenda. Nilikaa nyumbani miezi saba mingine.

Usaili nilishausamehe. Kinachonirudia mpaka leo ni kwamba mchana ule nilikuwa nimelia mbele ya bosi kwamba ananitoa ghafla bila notisi, na jioni nikamfanyia mwenzangu vile vile, tena mtu ambaye hakuwa na akiba hata ya wiki.

Tuanze na haki yako, maana hela ya kulea watoto itatoka humo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayelipwa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28, kwa maandishi, ikieleza sababu na tarehe iliyotolewa. Wakitaka uondoke leo, wakulipe mshahara wa hizo siku. Uliniambia wamesema likizo yako ambayo hukwenda ndiyo ihesabiwe kuwa notisi. Hapana. Sheria hairuhusu notisi kutolewa mtu akiwa likizo wala kuvichanganya viwili hivyo vikaenda pamoja. Likizo ambayo hukuitumia inalipwa kivyake, na notisi kivyake. Kisha kuna kiinua mgongo: siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Wewe umetimiza mitatu, kwa hiyo ni siku 21. Na udai hati ya utumishi, utaihitaji unapoomba kwingine.

Jambo la hatari kuliko yote ni ile karatasi wanayotaka uisaini, ile ya kwamba umeacha kazi kwa hiari yako "ili tuagane vizuri". Usiisaini, mdogo wangu, hata kama anayekuomba ni mtu mliyekuwa mnakula naye chakula cha mchana. Kiinua mgongo ni cha aliyeachishwa na mwajiri, na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, hautoi fao la upotevu wa ajira kwa aliyeacha mwenyewe. Ukisaini umefunga milango miwili kwa kalamu moja.

Fao hilo ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18. Mshahara wako ni laki sita na nusu, theluthi yake ni kama laki mbili na elfu kumi na sita. Sasa tazama: binti unamlipa laki moja, kituo laki na elfu kumi. Jumla laki mbili na kumi. Ni kama mtu amekukatia kipande kinachotosha malezi ya watoto peke yake. Haitatoka kesho, kwa hiyo nenda mapema ofisini kwao, ukaangalie pia kama michango yako ilikuwa inapelekwa kila mwezi kweli.

Na ukiona wamekutoa isivyo haki, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ipo hapo hapo mjini. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanapelekwa ndani ya siku 30. Ziandike ukutani. Watu wengi wanasubiri huruma ya bosi, wiki zinapita, wakija kushtuka siku zimekwisha.

Turudi kwa binti.

Yeye naye ni mfanyakazi, na sheria ni ile ile inayokulinda wewe. Analipwa kwa mwezi, ana siku zake 28. Ulimtoa Kondoa, basi ajira ikiisha nauli ya kumrudisha na mizigo yake ni juu yako. Najua hakuna karatasi mliyosainiana, karibu hakuna nyumba inayofanya hivyo, lakini kutokuwa na karatasi hakumfanyi awe mgeni aliyekuja kusalimia. Na hata sheria isingekuwapo: huyu ndiye aliyekuwa macho na mwanao usiku wa homa wakati wewe una ripoti ya asubuhi. Uliniambia mwenyewe.

Kwa hiyo jioni hii, watoto wakilala, mkalishe mezani umwambie ukweli. Mwambie kazi imekwisha, mwambie hela iliyopo, mwambie kwa siku 28 zijazo mshahara wake upo na umeutenga. Utenge kweli, pembeni na kodi. Usimwambie kwa mkato mlangoni, na usingoje mpaka asikie kwa jirani. Hapo atakuwa na mwezi wa kutafuta nyumba nyingine, na wewe utakuwa na mwezi wa kutoka asubuhi kupeleka barua za kuomba kazi Mtumba kwenye wizara, na kote unakojua, mtoto akiwa na mtu anayemjua.

Mwezi ukiisha bado hujapata, kuna njia ambayo mimi sikuijua wakati wangu. Yule mwenzako wa nyumba ya pili, hapo Ilazo, si ulisema kila siku anahangaika na mtoto wake wa miaka miwili? Zungumza naye mchangie mshahara wa binti. Kila mmoja atoe elfu sabini, binti apate laki na arobaini kwa watoto wawili. Wewe umepunguziwa gharama, binti ameongezwa mshahara. Lakini binti aulizwe kwanza, akubali kwa hiari, na isizidi watoto wawili. Kuna nyumba zinamgeuza msichana mmoja kuwa shule nzima.

Kituo nacho usikiache kimya kimya. Itafute ile fomu uliyojaza siku ya kwanza, usome imeandika nini juu ya kumtoa mtoto. Vingi vinataka taarifa ya mwezi, na usipotoa wanadai ada ya mwezi mmoja. Nenda kwa mama mwenye kituo kabla ya tarehe ya kulipa, sio baada. Muulize kama mtoto anaweza kuja siku tatu kwa wiki, au nusu siku, au ulipe kwa wiki. Mwenye kituo ana mishahara ya walimu na unga wa uji wa kununua. Akijua mapema atapanga, akishtukizwa atakudai. Usije ukamhamishia mtoto kwenye chumba fulani cha bei poa ambacho hakijasajiliwa kupitia ustawi wa jamii, watoto ishirini na mlezi mmoja. Hapo bora abaki nyumbani.

Tena huyu mkubwa anatimiza miaka mitano. Hii ni Novemba. Chukua cheti chake cha kuzaliwa uende shule ya msingi ya serikali iliyo karibu ukamwandikishe darasa la awali kwa Januari. Ada hakuna. Kutakuwa na sare, madaftari, pengine na mchango wa uji, lakini ile laki na kumi ya kila mwezi inakwisha. Najua ulitaka aendelee na Kiingereza pale pale. Atakipata baadaye.

Uliniambia pia wazo la kuwapeleka wote wawili Kongwa kwa mama. Hili nimelifikiria sana, kwa sababu ndilo la kwanza linalotujia sisi sote, na ndilo tulilolipoteza wengi tulipohama kufuata kazi: bibi yuko mbali. Mama hatakataa. Hajawahi kukataa kitu, na hapo ndipo penye shida. Mvua zikianza Desemba yeye yuko shambani alfajiri, Januari ni palizi, na kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu; asipolima sasa hana mtama wala alizeti mwaka mzima. Magoti yake unayajua. Mtoto wa mwaka na miezi minane atabebwa mgongoni kwenye jua lile au ataachwa na watoto wenzake nyumbani. Mkubwa anaweza kwenda wiki mbili za likizo ya Desemba, nawe umpe mama hela ya chakula. Mdogo mwache alipo.

Shemeji umemwambia? Kama bado, mpigie usiku huu huu, usisubiri arudi kutoka Singida mwisho wa mwezi. Na wale vijana wa mikopo ya kausha damu, ya riba kali, wanaopita madukani hapo Majengo, usichukue hata elfu hamsini yao ya kuzibia pengo la wiki. Kama mshahara wa binti unapungua, niambie mimi. Kikoba chetu kinagawana Desemba.

Jumamosi napanda treni ya asubuhi kutoka Morogoro. Nitakaa na watoto mpaka Jumatano, Jumatatu wewe uende NSSF, Jumanne Tume, ukiwa na mkataba, barua waliyokupa na hati zako za mshahara kwenye bahasha moja. Mwambie binti namletea vitenge viwili, na asifungashe.

Mkubwa wako