Takwimu za watu wa Belize zisisomwe nusunusu

Ndugu Mhariri,

Makala mliyoichapisha kuhusu idadi ya watu wa Belize ilinifurahisha, kwa kuwa ni nadra magazeti yetu kuitazama nchi hiyo ndogo ya Amerika ya Kati isipokuwa kimbunga kinapoipiga. Hata hivyo, hitimisho la mwandishi kwamba Wakrioli (wazawa wa Waafrika waliochanganyika na Waingereza) wamekwisha kuzidiwa na Wamestizo (wenye asili mchanganyiko ya Wahispania na wenyeji wa Amerika), na kwa hiyo Belize ya zamani inatoweka, halitokani na takwimu alizozitaja yeye mwenyewe. Naomba nafasi nieleze kwa nini.

Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao 397,000 katika eneo la kilomita za mraba 22,966. Kwa msomaji wa hapa kwetu, hiyo ni nchi iliyo kubwa kuliko Zanzibar karibu mara tisa, ilhali watu wa Zanzibar ni zaidi ya mara nne ya watu wake. Katika nchi yenye watu wachache namna hiyo, familia elfu chache zikihama au zikihamia, asilimia zote za sensa inayofuata hubadilika, hata kama hakuna aliyezaa zaidi ya jirani yake.

Mwandishi alinukuu sensa ya 2010: Wamestizo asilimia 52.9, Wakrioli 25.9, Wamaya 11.3, Wagarifuna 6.1, watu wenye asili ya India 3.9, Wamennonite 3.6, na makundi mengine madogo. Ukizijumlisha zote utapata zaidi ya 107. Hilo si kosa la uchapaji, bali ni kwamba mhesabiwa aliruhusiwa kutaja asili zaidi ya moja, na wengi walifanya hivyo, kama inavyotarajiwa pale ambapo bibi ni Mgarifuna, babu ni Mkrioli na mama ni Mmestizo wa Corozal, kaskazini mwa nchi. Sisi Watanzania, ambao sensa zetu hazijatuuliza kabila tangu ile ya mwaka 1967, tunaweza kusahau kwamba jibu la swali la aina hii hutegemea sana namna lilivyoulizwa. Kuzichora asilimia hizo kama vipande vya duara moja, kama mchoro ulioambatana na makala ulivyofanya, ni kuwalazimisha watu wachague upande ambao wao wenyewe hawakuuchagua.

Pili, ni kweli kwamba mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya uhuru, Wakrioli walikuwa kama asilimia 40 na Wamestizo kama theluthi. Lakini wakati huo nchi nzima ilikuwa na watu wapatao 145,000, hivyo Wakrioli walikuwa karibu 58,000. Mwaka 2010, kwa watu zaidi ya 322,000, asilimia 25.9 ni zaidi ya watu 83,000. Hata tukizingatia kwamba hesabu ya pili ina waliojitaja katika makundi mawili, hakuna namna ya kusema kwamba watu hao wanatoweka. Wameongezeka, ila wengine wameongezeka upesi zaidi.

Sababu zake zinajulikana, na nasikitika kwamba makala iliziruka. Baada ya Kimbunga Hattie cha Oktoba 1961, kilichouharibu Mji wa Belize kiasi cha serikali kuamua kujenga makao makuu mapya bara, huko Belmopan, Wakrioli na Wagarifuna wengi walikwenda Marekani, hasa New York na Los Angeles, na waliotangulia wakawavuta ndugu zao. Katika miaka ya 1980 vita vya El Salvador na Guatemala vikawasukuma wakimbizi kuingia. Kijiji cha Valley of Peace, wilayani Cayo, kilianzishwa kwa ajili yao mwaka 1982. Yaani mlango mmoja ulikuwa unatoa watu wanaozungumza Kikrioli, lugha iliyozaliwa na Kiingereza, na mwingine unaingiza wanaozungumza Kihispania, na yote mawili yalitokea katika kipindi kile kile.

Hata hivyo, si sahihi kuwaita Wamestizo wote wageni. Vita vya Yucatán, katika nchi jirani ya Mexico, vilivyoanza mwaka 1847 viliwaleta maelfu ya wakimbizi kaskazini mwa nchi, na wajukuu wao wamekuwa wakilima miwa Corozal na Orange Walk tangu kabla bendera ya sasa haijashonwa.

Jambo ambalo mwandishi hakuligusa kabisa, nami naliona ndilo lenye uzito, ni lugha. Sensa hiyo hiyo ya 2010 inaonyesha kwamba waliosema wanazungumza Kikrioli walikuwa asilimia 44.6, ilhali waliojitaja kuwa Wakrioli ni 25.9 tu. Lugha imewapita wenyewe. Sisi tunaotumia Kiswahili bila kuwa Waswahili wa pwani hatuhitaji kuelezwa jinsi hilo linavyowezekana. Kijana Mmestizo mwenye wazazi wa Guatemala husoma kwa Kiingereza darasani, huzungumza Kihispania nyumbani, na akiwa sokoni au ndani ya basi hutumia Kikrioli, kwa sababu hicho ndicho wanachoelewana wote. Mlo wa Jumapili nao haufuati safu za jedwali: wali na maharage mekundu vilivyopikwa pamoja kwa tui la nazi, ndizi mbivu za kukaanga, na kuku aliyeungwa kwa kiungo chekundu chenye asili ya Yucatán, kuku mwenyewe mara nyingi ametoka katika mashamba ya Wamennonite.

Hao Wamennonite wasichanganywe na waumini wa kanisa la jina hilo tunaowafahamu mkoani Mara. Wale wa Belize, waliohamia kutoka Mexico kuanzia mwaka 1958, ni wazawa wa jamii moja ya Ulaya, wengi wao huzungumza Kijerumani cha kaskazini, na baadhi, kama wa Shipyard, bado hutembelea vigari vya kukokotwa na farasi. Ndiyo maana sensa inawaorodhesha miongoni mwa makabila, jambo ambalo mwandishi aliliona ajabu.

Kama kuna wa kuhofiwa kutoweka, si Wakrioli bali Wagarifuna, wazawa wa Waafrika na Wakaribi wa kisiwa cha Saint Vincent, ambao Waingereza waliwafukuza huko mwaka 1797. Kila tarehe 19 Novemba, ambayo ni sikukuu ya taifa, huigiza kule kuwasili kwao Belize, katika mji wa pwani wa Dangriga: mashua hukaribia ufuoni asubuhi zikiwa na mihogo, ndizi na ngoma, na umati huzipokea kwa nyimbo. Lakini waliojitaja Wagarifuna mwaka 2010 walikuwa asilimia 6.1, na waliosema wanazungumza Kigarifuna walikuwa 2.9 tu. Mwaka 2001 UNESCO iliitangaza lugha yao, pamoja na ngoma na muziki wao, kuwa urithi wa binadamu wote. Watoto wao wa mijini, hata hivyo, wanakulia katika Kikrioli na Kiingereza. Hapo ndipo mwandishi angetumia neno “kutoweka” bila mimi kulipinga.

Naomba basi, mkiirudia mada hii, mchapishe safu mbili za sensa kwa pamoja, ya asili na ya lugha, na chini yake mwandike kwamba mhesabiwa aliweza kujitaja zaidi ya mara moja.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Tanga